Njia za Mbio za Skelbeck

Agincourt, Toronto
20 Oktoba 2024

Kaka Hyder,

Salaam alaikum. Natumai barua hii itakukuta mzima. Tangu masikio yako yakatae simu nimekuwa mvivu wa kuandika, na leo naandika kwa sababu nimepata aibu.

Jumanne nilikimbilia basi hapa barabara ya Sheppard. Si mbali, ni kama kutoka mlangoni kwetu Tanga hadi kwa yule fundi saa wa jirani. Dereva aliniona, akasubiri. Nilipopanda sikuweza hata kumwambia asante. Nilishika chuma nikawa nahema tu, mpaka bibi mmoja wa Kichina, mkubwa kuliko mimi, akainuka akanipa kiti chake. Kaka, nina miaka sitini na moja!

Daktari anasema sukari imepanda tena, na nisipoanza kuutikisa mwili ataniandikia sindano. Zahraa akaja mbio kutoka kwake Pickering, ameninunulia raba za rangi ya waridi. Nikamwuliza, mwanangu, mama yako ataenda wapi na viatu hivi? Akanijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba saizi yangu haikuwa na rangi nyingine.

Wewe umekimbia milima ya Yorkshire tangu ulipostaafu duka la dawa. Marehemu Ruqayyah alikuwa akinilalamikia kwamba mume wake anarudi nyumbani na matope hadi kwenye nyusi. Niambie mtu kama mimi anaanzia wapi. Usinicheke.

Usinisahau katika dua.
Mdogo wako,
Kanizfatema


Skelbeck, Yorkshire
2 Novemba 2024

Mdogo wangu Kaniz,

Alaikum salaam. Sikukucheka. Haya, nilicheka kidogo pale kwenye basi, kisha nikaacha.

Umeuliza swali ambalo jibu lake ninalo mezani. Hapa kijijini tuna klabu ya wakimbiaji, na mimi ndiye niliyewaandikia kijitabu cha njia. Njia ni tatu. Ya Kwanza ni ya anayeanza, kilomita tatu, tambarare. Ya Pili ni kilomita nane na ina mpando mmoja wa kukutoa jasho. Ya Tatu ni kumi na sita, inapita juu kabisa nyikani, na hiyo simpi mtu kabla hajamaliza mbili za mwanzo. Nimegawa dawa miaka thelathini na minne. Sitoi chupa ya tatu kwa mtu ambaye hajamaliza ya kwanza.

Njia ya Kwanza ni hii. Anzia kwenye mnara wa kanisa, shuka hadi mtoni, uuweke mto mkono wako wa kulia. Kuna mageti matano ya mbao. Kutoka geti la kwanza hadi la pili kimbia, lakini kwa mwendo ambao unaweza kusoma Sura ya Ikhlas kwa sauti bila pumzi kukatika. Ikikatika, umezidisha dozi. Kutoka la pili hadi la tatu tembea. Endelea hivyo. Baada ya geti la nne mto unajikunja, na bonde lote linajifungua mbele yako: kuta za mawe zilizopangwa bila saruji, kondoo, na asubuhi ukungu umelala chini hata kondoo wanaonekana kama hawana miguu. Mara ya kwanza nilipoliona nilisema Allahu akbar kwa sauti kubwa, mbwa wa watu akanibwekea.

Huko kwako hakuna bonde, lakini uliwahi kuniambia kuna njia ya lami chini ya zile nguzo kubwa za umeme. Hesabu nguzo badala ya mageti. Na hizo raba zivae.

Kaka yako,
Hyder


Agincourt
26 Januari 2025

Kaka Hyder,

Salaam. Nimemaliza Njia ya Kwanza! Kilomita tatu, sikusimama hata mara moja. Nimekaa hapa na chai, bado siamini.

Nikueleze ilivyokuwa. Desemba theluji ilifunga njia ya nguzo, basi nikawa nakwenda na Shahida, jirani yangu wa msikitini, kwenye jengo la maduka kabla maduka hayajafunguliwa. Wazee wa kila taifa wanazunguka mle ndani kwa koti na kofia, kimya, kama wako kwenye tawafu. Shahida anatembea na mimi nakimbia kidogo, nikichoka namsubiri anifikie. Barua yako nilikuwa nayo mfukoni. Nikifika kwenye duka la miwani najiambia hili ndilo geti la nne, sasa mto unajikunja.

Juzi mvua ya barafu ilinyesha usiku kucha. Asubuhi gari la kumwaga chumvi ya kuyeyusha barafu likapita, njia ikafunguka, nikatoka. Baridi digrii kumi na nne chini ya sifuri, hijabu, juu yake kofia ya sufu, juu yake tena kofia ya koti. Jua lilikuwa linachomoza. Kaka, kila kitu kilikuwa kimevikwa kioo. Kila jani kavu la nyasi, kila waya, kila tawi. Nguzo zile ambazo miaka ishirini na sita nimeziona vyuma vibaya tu, ziliwaka kutoka ya kwanza hadi mwisho wa macho. Upepo ukipita, nyasi zinalia kama vikombe kabatini. Nilikuwa peke yangu katika mji wa mamilioni. Nikakimbia. Nilipogundua kwamba nimepita nguzo ya mwisho ya hesabu yangu nilikuwa nalia, na machozi yaliganda kwenye kope.

Nitumie ya Pili.

Kaniz


Skelbeck
23 Februari 2025

Kaniz mpendwa,

Safari hii nakuandikia kwa kompyuta. Mkono umekuwa mzito kwa baridi, na kompyuta haina wino wa kumwagika.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Ile sehemu ya nguzo kuvikwa kioo nimeisoma kwa sauti jikoni.

Njia ya Pili. Inaanza kama ya Kwanza, lakini kwenye geti la tatu unauacha mto, unapanda kushoto kuingia msituni. Usiukimbie mpando huo. Weka mikono kwenye mapaja, piga hatua fupi, tazama ardhi mita mbili mbele yako. Kuna ngazi ya mawe ya kuvukia ukuta, ina vidato sita na cha nne kinacheza, kikanyage pembeni. Ukija wiki mbili za mwanzo za Mei utakuta sakafu yote ya msitu imefunikwa maua ya buluu, kiasi kwamba huoni udongo. Rangi ile haikai chini. Inaelea kidogo, kama moshi. Jana asubuhi nilipita pale, maua bado hayajatoka, lakini majani yake yameshaanza kuchungulia.

Ukitoka msituni unashuka kwa kasi hadi kijijini. Hapo achia mwili, mikono ipepee, usione haya.

Ramadhani inaingia wikendi ijayo. Kimbia baada ya futari au usikimbie kabisa. Na usiwe mkaidi.

Kaka yako,
Hyder


Agincourt
8 Juni 2025

Kaka Hyder,

Salaam. Daktari amenitazama, akatazama karatasi, akanitazama tena. Sukari imeshuka. Akaniuliza umefanya nini, nikamwambia nafuata njia za Yorkshire. Akadhani ni dawa.

Kilomita nane nimezimaliza leo. Sina mlima, kwa hiyo napanda na kushuka daraja la waenda kwa miguu juu ya barabara kuu mara sita, magari ya kwenda Pickering yananguruma chini yangu. Wiki iliyopita, saa kumi na mbili asubuhi, nilikuta paa watatu wamesimama katikati ya njia ya nguzo. Nyuma yao magorofa, mbele yao mimi na raba zangu za waridi. Nilikuwa karibu kiasi cha kuona mvuke wa pua zao. Hatukutikisika, wao wala mimi. Kisha mkubwa wao akageuka, wakaondoka bila haraka, kama watu waliomaliza mazungumzo. Sikuwaza chochote kwa muda mrefu. Lini mara ya mwisho mimi sikuwaza chochote?

Sasa nasikiliza neno moja tu kutoka kwako. Nataka kuja. Nataka kuiona hiyo njia yenyewe, na wewe mbele yangu ukiniambia usiwe mkaidi. Mara ya mwisho tulionana kwenye mazishi ya Ruqayyah, na hiyo ni miaka saba. Zahraa ataninunulia tiketi. Niambie mwezi gani.

Na ya Tatu usiisahau.

Kaniz


Skelbeck
1 Julai 2025

Kaniz mpendwa,

Muharram imeingia, Mungu akubali majlisi zenu za maombolezo. Mimi nasikiliza zangu kwenye kompyuta, sauti juu kabisa.

Kuhusu kuja, mwaka huu si vizuri. Mafundi wako juu ya paa, nyumba nzima vumbi, chumba cha wageni kimejaa makorokoro. Tuangalie mwakani.

Lakini ya Tatu umeistahili, na hii hapa. Unapita msitu wa Njia ya Pili, badala ya kushuka unaendelea kupanda hadi unapokuta kijito. Kuna daraja la mbao, jembamba, mtu mmoja kwa wakati. Wiki iliyopita nilipita pale, mbao zilikuwa zinateleza, kwa hiyo shika kamba iliyofungwa pembeni. Baada ya daraja hakuna miti tena. Ni nyika, kilomita tano za uwazi, na mwishoni mwa Agosti yote inageuka zambarau kwa maua ya vichaka. Njia inapita katikati kama mshono. Ukifika kwenye rundo la mawe, simama. Usiangalie saa. Upande wa mashariki siku ikiwa safi unaona bahari, mstari mwembamba tu. Upande wa magharibi ni milima nyuma ya milima, kila mmoja umefifia kuliko uliotangulia. Kivuli cha wingu kinavuka bonde zima na wewe unakiona kinavyokuja, kinakupita, unahisi baridi yake shingoni, kinaenda zake. Mimi mtu mzima nilipiga magoti pale. Nilitaka kusali rakaa mbili na sikujua nianze na shukrani gani.

Hiyo ndiyo ya Tatu. Isome, uikimbie huko huko kwenye nguzo zako.

Kaka yako,
Hyder


Nyumba ya wageni, Skelbeck
5 Septemba 2025

Kaka Hyder,

Mama mwenye nyumba hii atakuletea barua hii mkononi. Naandika nikiwa hatua mia mbili kutoka mlangoni kwako. Nilikuja Jumanne. Nilitaka kukustukiza, nikajiambia kwanza nitaimaliza njia yako ya Tatu, kisha nibishe hodi nikiwa na matope kwenye nyusi.

Jana nilipanda. Msitu ni kama ulivyouandika, hata kidato cha nne bado kinacheza. Nikafika kwenye kijito. Hakuna daraja. Kuna mawe mawili, moja kila upande, na maji katikati.

Nilidhani nimepotea. Mkulima akapita na pikipiki yake ya magurudumu manne, mbwa kakaa nyuma. Nikamwonyesha barua yako, nikamtafsiria. Akasema daraja lilichukuliwa na mafuriko majira ya baridi ya mwaka juzi. Nikamwambia haiwezekani, kaka yangu alipita hapa Juni. Akaniuliza, kaka yako nani? Nikamwambia Hyder, yule wa duka la dawa. Mzee yule alivua kofia yake, Kaka. Akasema, "Mama, Hyder hajapanda huku miaka mitatu. Mimi ndiye ninayempelekea maziwa."

Akanionyesha mahali pa kuvuka, maji magotini. Nilitaka kurudi nikugombeze pale pale, lakini miguu ilikataa, ikaendelea kupanda. Nikafika kwenye nyika. Sijui nikuambie nini. Kila neno lako ni kweli. Zambarau hadi mwisho wa dunia, nyuki wengi hata ardhi yenyewe ilikuwa inavuma. Kwenye rundo la mawe niliiona bahari. Kivuli cha wingu kilikuja, nikakisubiri kama ulivyosema, kikapita juu yangu, nikaihisi ile baridi shingoni. Nikaona jinsi nilivyo mdogo na sikuogopa. Nikasali rakaa mbili. Moja ilikuwa yako.

Jioni nilipita nje ya nyumba yako. Paa halina mafundi. Uliacha pazia wazi. Nilikuona ukivuka sebule: umeshika kiti, kisha meza, kisha ukuta, na mkono wako wa kulia ukicheza wenyewe. Mkono ulioniambia ni mzito kwa baridi. Sikubisha. Niliona kwamba hukutaka nikuone hivyo, nikarudi huku, na usingizi sikuupata.

Sasa nimekwisha kuona. Nina hasira na wewe, na nakupenda. Niko hapa hadi tarehe kumi na tisa. Ukinambia niondoke bila kuingia, nitajaribu.

Kaniz


5 Septemba, mchana

Kaniz,

Njoo. Mlango haujafungwa.

Naandika kwa mkono ili uone mwenyewe. Ugonjwa unaitwa Parkinson. Mwaka wa nne sasa. Nilianguka msituni, nikakaa pale chini kwa saa tano kabla watu hawajanipata. Tangu siku hiyo sijapita geti la pili.

Ulipoandika unataka kuanza, nilifurahi kuliko nilivyofurahi kwa lolote tangu Ruqayyah afe. Nikikuandikia njia, nakuwa nazipita. Jikoni hapa nimezipita zote. Nilijua nikikuambia ukweli utaacha kuniuliza kuhusu milima, utaanza kuniuliza kuhusu vidonge.

Njoo na viatu hivyo vyenye matope. Usivivue.

Hyder


Agincourt
19 Oktoba 2025

Kaka Hyder,

Salaam. Nilifika salama mwezi uliopita, Zahraa alinipokea uwanja wa ndege. Nilimweleza yote ndani ya gari, kwa Kiswahili. Tulipoingia barabara yetu akasema, kwa Kiswahili kilichovunjika vunjika, "Mama, mjomba yuko peke yake pale?" Nikamwambia yuko na kijiji kizima, tatizo ni kwamba hatoki nje.

Na hilo ndilo ninaloliandikia. Zile siku kumi na nne hatukugombana, kwa sababu nilikuwa napika na wewe unakula. Sasa niko mbali, naweza kusema. Siku ile mkulima alipotupandisha na gari lake hadi juu nyikani, ulikaa ndani ukaangalia kupitia kioo. Nilikwambia shuka, ni hatua kumi tu. Ulisema, "Hatua kumi si njia, Kaniz." Nilinyamaza kwa heshima. Leo sinyamazi.

Kijitabu chako kina njia tatu na ya kwanza ni kilomita tatu. Mtu asiyeiweza ya kwanza aende wapi? Akae jikoni? Mimi mwaka jana sikuweza kufika kwenye basi. Ulicheka kidogo, lakini hukuniambia hiyo si njia. Uliniambia hesabu nguzo.

Wewe ndiye mwenye kijitabu. Andika ya kwako. Uipime, uandike kila jiwe kama unavyoandika. Kisha uipite kwa miguu, si kwa kompyuta. Nitajua ukidanganya. Mkulima amenipa namba yake ya simu.

Naomba dua zako, na wewe unazo zangu usiku na mchana.

Kaniz


Skelbeck
11 Januari 2026

Kaniz mpendwa,

Alaikum salaam. Barua yako ilinikasirisha wiki tatu. Wiki ya nne nikamwomba mkulima anikopeshe kamba yake ya kupimia.

Njia Mpya. Mita mia mbili na ishirini kwenda, na kurudi ni hizo hizo. Inaanza kwenye mlango wa lililokuwa duka langu la dawa, ambalo sasa linauza mikate. Hakuna ngazi. Mita arobaini za kwanza ni lami. Elekea upande wa ukuta, kwa sababu upande huo unapata jua mchana na barafu inayeyuka mapema. Kwenye sanduku la posta pumzika, hata kama hujachoka. Kuna kidimbwi kidogo kila mvua ikinyesha, kipite kushoto. Kisha benchi. Klabu imeweka la pili baada ya mimi kuwaandikia, mita hamsini mbele. Mwisho ni ukuta mfupi nyuma ya shule ya zamani, kimo cha kiuno, mzuri kwa kuegemea. Kigari cha kutembelea cha wagonjwa kinapita kote.

Mara ya kwanza nilikwenda peke yangu, Desemba, saa tisa alasiri. Ilinichukua dakika thelathini na moja. Miguu iliganda mara mbili, nikafanya ulivyonifundisha ulipokuwa hapa, nikahesabu kwa sauti mpaka ikakubali. Nilikuwa nimekasirika bado. Nimeishi kijiji hiki miaka thelathini na tisa na sikuwahi kusimama kwenye ukuta ule hata mara moja. Nilikuwa naupita mbio kwenda mahali pazuri.

Kaniz, ndege walikuja. Wale weusi wadogo. Kwanza kundi moja kutoka ng'ambo ya bonde, kisha jingine, wakaungana, wakawa maelfu kwa maelfu. Walijikunja angani kama kitambaa kimoja kinachokungutwa, wakajimwaga, wakajikusanya, wakapita juu ya kichwa changu kwa chini hata nikahisi upepo wa mabawa yao usoni. Mimi masikio yangu hayasikii kengele ya mlango, lakini ule uvumo niliusikia kifuani. Sijui nilisimama muda gani. Mkono wangu ulikuwa unatetemeka juu ya jiwe, na kwa mara ya kwanza sikuuficha.

Nikaiandika njia hiyo, klabu ikaibandika kwenye dirisha la hilo duka la mikate: Jumamosi, saa tisa, mwendo wowote. Nilidhani nitakuwa peke yangu. Jana walikuja watu saba. Mwalimu mstaafu anayevuta hewa ya chupa. Mama aliyepata kiharusi miaka sita iliyopita, ambaye nilidhani amehama. Mwanamume wa nyumba ya tatu kutoka kwangu, Kaniz, ya tatu, ana ugonjwa kama wangu na hatukuwa tunajua. Tulikwenda pole pole, tukasubiriana kwenye kila benchi. Tulichukua dakika hamsini.

Ndege hawakuja jana. Kulikuwa na mawingu tu, na theluji ikaanza, nyepesi. Tulipanga mstari kwenye ukuta, watu wanane, tukaiangalia inavyoshuka juu ya bonde, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kugeuka kurudi nyumbani.

Kaka yako,
Hyder